Waacheni Wapagazi Wetu Wawe Wadogo

Ndugu msomaji, kama ulilipata toleo lililopita la jarida letu hili, basi ulikutana na makala ya kaka yetu mmoja aliyetukemea vijana tunaofinyanga visanamu vya vita. Jina lake silirudii. Wasomaji wa kudumu wanamjua, na yeye mwenyewe anajijua. Kasema mambo manne. La kwanza, eti sanamu inayoingia kwenye kapu la sokoni si sanamu, ni kichezeo cha watoto. La pili, vita vya 1914 hadi 1918 havikuwa vyetu, vilikuwa vya Wazungu, kwa hiyo wenyewe wavikumbuke kwa fedha zao. La tatu, kumwonyesha mtu mweusi amelala chini anakata roho ni kumvunjia heshima; shujaa husimama. La nne, na hili ndilo lililotuchoma wengi, kijana anayejiita mwandishi wa riwaya huku anashinda na udongo kwenye kucha ni mvivu anayeikimbia karatasi.

Nimeisoma makala ile mara tatu. Kaka huyu ninamheshimu. Ndiye aliyezipitishia kalamu nyekundu hadithi zangu za mwanzo, na bila yeye pengine nisingekuwa naandika hapa. Lakini heshima si kufunga mdomo. Mkubwa akipotea njia na mdogo akanyamaza, wote wawili watalala porini. Kwa hiyo namjibu.

Kwanza nikieleze kitu chenyewe, maana tunabishana juu ya kitu ambacho wengi hawajakitia machoni. Chukua kipande cha ubao, urefu sentimeta 30, upana 20. Juu yake kuna njia ya vumbi iliyopita katikati ya majani makavu. Wako watu wawili. Mmoja ameketi chini, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha. Wa pili amelala, kichwa chake kimelazwa juu ya paja la mwenzake. Aliyeketi ameinama; mkono mmoja uko kifuani pa aliyelala, mkono wa pili bado umeshika ngata. Kuna makasha mawili: moja limetuliwa vizuri kando, jingine limeanguka ubavu. Mbele yao nyayo nyingi zinaendelea na njia mpaka pale ubao unapokatika. Basi. Hakuna bunduki, hakuna bendera, hakuna bwana mkubwa juu ya farasi. Msafara umekwenda, wawili wamebaki.

Watu hawa sikuwaokota hewani. Upande wa mama yangu, huko bara ya Lindi, kuna habari inayosimuliwa kwenye misiba, ya vijana wawili walioingia kumbi moja ya jando, na baadaye wakachukuliwa siku moja kwenda kubeba mizigo ya vita. Waliondoka wawili, akarudi mmoja. Aliyerudi, wazee wanasema, tangu siku hiyo hadi anaingia kaburini hakuweka tena kitu kichwani pake. Hata mtungi wa maji. Hata kofia. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alimpa jina la yule aliyebaki njiani, na jina hilo linatembea katika ukoo hadi leo. Silitaji hapa kwa kuwa wenye jina hawajanipa ruhusa. Nataka mjue tu kwamba tunapobishana juu ya udongo, kuna watu nyumbani wanaitwa kwa jina la mtu ambaye hajapata hata jiwe la kuwekewa kichwani.

Sasa tuje kwenye hoja, nami nitaanza na ile ya pili.

Eti vita vile havikuwa vyetu. Ni kweli, hakuna babu yetu aliyevitangaza. Wakubwa wa Ulaya waligombana kwao Agosti 1914, na moshi ukaja kufukia huku. Novemba mwaka huohuo Waingereza walishuka Tanga wakapigwa, wakarudi melini. Kutoka hapo vita vikatambaa kwa miaka minne: chini ya Kilimanjaro, kwenye reli ya kati, Rufiji kwenye mafuriko, Lindi, Mahiwa ambako Oktoba 1917 watu waliuana siku nne mfululizo, vikavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, vikarudi, na vikaishia Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Huko Ulaya walikuwa wamekwisha weka silaha chini tangu tarehe 11. Wiki mbili nzima amani ilikuwepo na watu bado wanabeba!

Na nani aliyebeba? Farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa mbung'o kwa makumi elfu. Malori yalizama kwenye matope. Reli hazikufika walikokwenda wanajeshi. Kilichobaki ni nini, ndugu zangu? Kilichobaki ni kichwa cha mtu mweusi na ngata juu yake. Risasi, unga, mahema, dawa, hata kiti cha kukunja cha ofisa, vyote vilikwenda vitani juu ya kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza peke yao, ukijumlisha makoloni yote yaliyoguswa, wapagazi wanakadiriwa kufika milioni moja. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi, na kati yao wa kutoka Kenya ya leo ni kama 45,000. Wajerumani nao walibebesha watu kijiji hadi kijiji, na hesabu ya waliokufa kwao ni ya kukisia tu. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, kwa unga ulioliwa haujaiva kwa sababu hapakuwa na muda wala kuni za kuupika.

Ukienda Kariakoo kununua kitenge, unakanyaga neno lao. Jina lile ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililopita kwenye midomo yetu likatoka Kiswahili. Nairobi nako kuna Kariokor yao. Halafu mtu mzima anakuja kutuambia vita havikuwa vyetu! Vita vikikukuta nyumbani, vikamchukua kijana wako, vikala ghala lako, vikakuachia jina la soko, utasema ni vya jirani? Deni la kifo hatulipi sisi, sawa. Lakini maiti ni wetu.

Na wale ambao kaka anataka tuwaachie kazi ya kukumbuka, hebu tuangalie walivyoifanya. Baada ya vita Tanganyika ilipata gavana Mwingereza, Horace Byatt. Suala la makaburi lilipofika mezani kwake, msimamo wake ulioripotiwa mwaka 1922 ulikuwa kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Yakaachwa. Wazungu walizikwa kila mtu na jiwe lake na jina lake. Ilichukua hadi Aprili 2021, miaka zaidi ya 100 tangu vita, ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikatoa ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Soma tena: pengo kati ya namba hizo mbili ni watu 234,000. Huko si kukosea hesabu. Huko ni kutokuhesabu.

Basi kaka, hao ndio unaotaka tuwaachie? Mwenye kidonda ndiye anayejua kinapouma.

Naijua na hoja nyingine inayokuja nyuma yake: mbona hamfinyangi vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vilivyokuwa vyetu na tukashinda? Tutavifinyanga, msiwe na haraka. Lakini wapiganaji wa Kagera wana makaburi Kaboya kule Muleba, na wana siku yao, tarehe 25 Julai, na wakubwa wanakwenda na mashada. Mpagazi wa 1917 hana Kaboya yake. Ukiwa na watoto wawili na mmoja amekula, ugali uliobaki unampa nani?

Hoja ya tatu: shujaa husimama. Hapa nadhani kaka ametazama sana minara na ametazama kidogo watu.

Minara tunayo. Pale Samora, Dar es Salaam, amesimama askari wa shaba, bunduki na singe mbele. Alichongwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, akasimikwa mwaka 1927. Nairobi wakawekewa wao mwaka 1928, watu watatu, na tuwape haki yao, mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Lakini mmesahau kwamba kabla ya askari wa Samora mahali pale palikuwa na sanamu nyingine? Wajerumani walimsimamisha hapo Hermann von Wissmann mwaka 1909, kidume juu ya jiwe, na chini ya miguu yake wakamweka askari mweusi. Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliing'oa. Ikapelekwa Uingereza, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa Kijerumani wakaiangusha na kamba. Mnaona? Sanamu iliyosimama kwa kujigamba inamngoja mwenye nguvu zaidi aje na kamba. Kila utawala unakuja na shujaa wake, na kila shujaa ana siku yake ya kuangushwa. Mtu aliyeketi chini ameshika kichwa cha rafiki yake, utamwangusha wapi? Tayari yuko chini.

Na hili la heshima. Nani kasema kufa ni aibu? Katika mila zetu aibu ni kufa bila mtu wa kukufunga macho. Mpagazi aliyelala kwenye ubao wangu amepata paja la rafiki. Wangapi hawakulipata? Msafara ulipita, mgonjwa akaegemezwa mti, kesho yake fisi. Yule aliyeketi hakutakiwa kuketi. Alitakiwa kuendelea. Kuketi kwake ni uasi mdogo, uasi wa dakika chache, na mimi nauona ni ushujaa kuliko singe yoyote. Kuchoma mtu singe kunafundishwa kambini. Kuketi hakufundishwi.

Dada mmoja katika chama chetu aliniuliza swali ambalo kaka hakuliuliza, na laiti angeliuliza ningetoka jasho. Alisema: "Mdogo wangu, ukitufinyangia urafiki, kamba iko wapi? Watu wale walikamatwa. Wewe unatuonyesha wawili wanapendana kama wako safarini kwenda harusini." Hilo ndilo swali la maana katika kazi hii nzima, na kila anayegusa vita na alibandike ukutani. Urafiki unaweza kuwa sukari ya kufichia sumu. Filamu ngapi tumeona za askari wawili wanataniana, wanagawana sigara, mmoja anakufa, mwenzake analia, tunatoka ukumbini tumeridhika, na hakuna aliyeuliza nani aliwapeleka pale!

Jibu langu kwake lilikuwa makasha. Kasha kwenye ubao wangu ni kubwa kuliko kifua cha mbebaji. Mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 25 hivi, mara nyingi zaidi, na ukiupunguza kwa vipimo sawasawa bado jicho linauona ni mzito, kwa sababu mtu mwenyewe nimemfanya mbavu nje. Shingoni kila mmoja amevaa kisahani cha chuma cha namba, kwa maana mpagazi aliandikishwa kwa namba. Na zile nyayo mbele yao zinatosha kusema kwamba kuna mtu aliyeamuru msafara usisimame. Urafiki peke yake ni wimbo. Urafiki ukiwekwa kando ya kasha, kisahani na nyayo, hapo unakuwa ushahidi.

Hoja ya kwanza: udogo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo kaka alipocheka sana.

Vipimo vyangu ni moja kwa ishirini. Mtu wa sentimeta 170 anakuwa sentimeta 8 na nusu, urefu wa kidole. Kichwa chake ni kama harage kubwa. Kwenye harage huwezi kuchora machozi. Ukijaribu unapata kinyago cha kuchekesha. Kwa hiyo huzuni inabidi itafute pengine pa kukaa: kwenye mgongo, kwenye shingo, kwenye bega moja kushuka kuliko jingine, kwenye vidole vya mguu vilivyolegea. Mwenye sanamu kubwa anaweza kukudanganya kwa uso. Mwenye sanamu ndogo hana pa kujificha, mgongo ukiwa mwongo kila mtu anaona.

Na udongo wenyewe una sheria zake. Udongo wa mfinyanzi lazima uukande mpaka hewa yote itoke, uchanganye na vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa ili usipasuke, umwache mtu wako akauke taratibu kivulini siku nyingi, maana akiingia motoni na unyevu ndani atalipuka kama hindi. Waya huwezi kumtia: udongo unapokauka hunywea, waya haunywei, mkono unapasuka. Sasa bila waya, mkono ulioachwa hewani unakatika. Ukimfinyanga mtu peke yake amenyoosha mkono mbele kama anaamrisha jeshi, hafiki tanuruni mzima. Lakini mkono ulioegemea kifua cha mwenzake unadumu. Kichwa kilicholazwa pajani kinadumu. Udongo unawataka watu washikane. Wachongaji wetu wa Kimakonde walikwisha lijua jambo hili kwenye mpingo, ndiyo maana ile mitindo ya ujamaa, watu juu ya watu, kila mmoja kamshika mwenziwe, wote gogo moja. Hatukuazima kokote. Kama kaka anataka sanaa ya kwetu, ndiyo hiyo.

Tena sanamu kubwa inahitaji waziri, kamati, mkandarasi na siku ya kukata utepe. Sanamu ndogo inahitaji kiti kimoja cha basi, unaipakata. Hii yangu imekwenda Lindi hivyo, kwenye kasha la sabuni lililojazwa pumba za mbao, na imekaa kwenye mkeka mbele ya bibi wa ukoo ambaye hawezi tena kusafiri. Mnara gani ungeingia mlango ule? Bibi aliitazama kwa muda mrefu, akauliza yule aliyelala ni yupi kati ya wale wawili, nikamjibu kwa jina. Akasema, "Basi mgeuzeni aelekee kwao." Tukaugeuza ubao. Kichezeo hakigeuzwi namna hiyo.

Kwa wanaopenda hesabu nina hesabu pia. Wachukue wale 95,000. Wafinyange wote kwa kipimo changu, hivyohivyo wadogo kama vidole, uwalaze barabarani kichwa kwa unyayo. Utapata mstari wa kilometa 8. Kilometa 8 za vichezeo, kaka! Na ukiwalaza watu wenyewe kwa urefu wao, mstari unatoka Dar es Salaam, unapita Chalinze, unaendelea, jumla kilometa 161. Ndiyo maana nafinyanga wawili. Si kwa sababu jambo ni dogo. Ni kwa sababu akili ya mtu haiwezi kuwalilia 95,000, lakini inaweza kumlilia mmoja akiwa na rafiki yake.

Kaka hakugusa habari ya soko, nami naigusa kwa sababu ndiyo inayotuua kimyakimya. Nilipeleka kazi hii kwenye duka moja la vinyago. Mwenye duka aliizungusha, akaisifu miguu, kisha akasema: "Kijana, una mkono mzuri, lakini watalii hawanunui maiti. Mtoe huyu aliyelala. Huyu aliyebaki msimamishe, mpe mkuki, nitachukua dazeni." Mkuki! Mpagazi wa 1917 apewe mkuki, afanywe Mmasai wa kwenye kadi ya posta, na apangwe dazeni kama sabuni. Simlaumu sana mwenye duka, naye ana kodi ya pango. Nawalaumu wenzangu wanaokwenda nyumbani wakatengeneza hiyo dazeni, halafu wakaja kwenye vikao vyetu kulalamika kwamba sanaa yetu haiheshimiwi. Tumbo lina haki yake, sawasawa. Uza vifaru, uza twiga, hakuna atakayekushika shati. Lakini rafiki aliyekufa usimtoe kwenye ubao kwa sababu ya mteja. Serikali ya kikoloni ilimtoa kwanza. Wewe utakuwa wa pili.

Imebaki hoja ya nne, ya mwandishi kushika udongo.

Miaka miwili sasa naandika riwaya ya hao wawili. Elimu yangu ni kidato cha nne, sina profesa wa kunisomea. Nina daftari za mstari na muda wa usiku. Niwaambieni nilichokipata kwenye udongo ambacho kwenye daftari sikukiona. Waandishi chipukizi tuna ugonjwa mmoja: mtu akifa kwenye hadithi zetu, dunia nzima inalia. Mbingu inatanda, mvua inanyesha, shujaa anapiga ukelele wa kutetemesha milima, maneno "uchungu usio kifani" yanamwagika kurasa tatu. Tunafinyanga machozi kwenye harage! Udongo ulinikataza. Ulinitaka niamue mkono uko wapi. Je, anapokufa rafiki yako umebeba mzigo, unautua vizuri au unautupa? Mimi niliamua ameutua vizuri, kwa sababu mpagazi akiharibu mzigo anachapwa, na woga wa kiboko hauishi hata rafiki akifa. Uamuzi huo mmoja, wa kasha kusimama badala ya kulala, ulinipa sura nzima ya riwaya. Huo ndio uvivu anaousema kaka?

Kuandika vita hakuhitaji mizinga mingi. Kunahitaji kujua mtu ameshika nini mkononi. Anayetaka kuandika majeshi yakipambana na aandike, lakini aanze na ngata.

Sasa nawaambia wenzangu wa jarida hili, wa kalamu na wa patasi, jambo ambalo naliona ni la haraka. Wazee waliosikia habari hizi kwa vinywa vya waliorudi wanazikwa kila mwezi. Waliorudi wenyewe walikwisha kwisha zamani. Tume ya Makaburi imeomba radhi, vizuri, na wataandika majina watakayoyapata kwenye mafaili yao. Lakini mafaili yale yana namba. Majina yako kwetu, yako kwenye majina ya wajomba na mashangazi, kwenye tambiko, kwenye neno ambalo mzee fulani hakulitamka na kitu ambacho hakukibeba. Hakuna ofisi itakayokuja kuyachukua huko. Kila mmoja wetu na amwulize mkubwa mmoja nyumbani kwake: nani katika ukoo aliondoka na mzigo wa watu akakosa kurudi, na aliondoka na nani? Hilo la pili msilisahau. Vita vinakumbuka vikosi; sisi tukumbuke jozi.

Ukilipata jibu, andika. Usipojua kuandika, chonga. Usipojua kuchonga, finyanga, udongo bado ni wa bure. Na wala usihangaike kukifanya kikubwa.

Kaka yangu, nakusubiri katika toleo lijalo. Ukija na hoja, tutajibizana. Ila ningependa zaidi uje na mtu wa sentimeta 8 na nusu, wa ukoo wenu.